Nilimhukumu mwimbaji kwa wimbo ambao hakuuimba

Nina rafiki ambaye tulinuniana karibu miaka minne kwa sababu ya albamu. Hatukugombania deni wala mchumba. Tuligombania sauti ya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kukutana naye, Mkanada aitwaye Benoît David, na albamu ya bendi ya Yes iitwayo Fly from Here. Nikisimulia haya watu hucheka, na siku hizi nacheka nao, ila wakati ule sikuona cha kuchekesha. Naandika kwa ajili ya shabiki yeyote ambaye bendi anayoipenda tangu ujana imetangaza mwimbaji mpya, na tayari tumbo linamsokota hata kabla hajasikia noti moja. Nimepita hapo, na nilikosea karibu kila hatua.

Nianze mbali kidogo. Yes ilianzishwa London mwaka 1968 na watu wawili, Jon Anderson aliyeimba na Chris Squire aliyepiga besi. Mimi niliipata baadaye sana, kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine, jina limeandikwa kwa kalamu na herufi moja imerukwa. Upande mzima ulikuwa na wimbo mmoja tu. Nilidhani kanda ni mbovu. Kumbe wimbo wenyewe ndio huo, Close to the Edge wa mwaka 1972, karibu dakika 19. Mwanzoni gitaa, besi na ngoma zinagombana kama watu waliofungiwa chumba kimoja, mara sauti za watu zinaikata vurugu ile kwa "aaa" moja, kimya kidogo, kisha ugomvi unaendelea. Halafu ndipo anapoingia Anderson.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Iko juu, nyembamba, lakini haijibani wala haikazani, ndiko inakoishi. Mashairi yake hata Waingereza wenyewe wanakubali hawayaelewi, jambo lililonifariji sana, maana Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na kwa mara ya kwanza mimi na mwenye lugha tulikuwa sawa. Nilimpenda kwa hilo. Kwangu Yes ilikuwa ni Anderson, na wale wengine walikuwa watu waliomtandikia mkeka.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa besi. Anapiga hadi leo, katika bendi ndogo ya sherehe. Kwake Yes ilikuwa Squire: ile besi ya Rickenbacker inayopigwa kwa kipande cha plastiki badala ya vidole, inayonguruma mbele kabisa kana kwamba ndiyo gitaa la kuongoza. Tulisikiliza kanda zilezile kwa miaka mingi, chumba kimoja, na hatukuwahi kugundua kwamba kila mmoja alikuwa anasikiliza bendi yake. Hilo ningependa mlijue mapema kuliko sisi. Kabla hujabishana na shabiki mwenzako, muulize: wewe huwa unamfuata nani kwenye wimbo? Nusu ya ugomvi wetu ungeishia kwenye jibu la swali hilo.

Tulikuwa watano. Mara moja kwa mwezi tulikutana kusikiliza albamu moja toka mwanzo hadi mwisho, bila maneno mpaka sauti ya mwisho izime. Ilikuwa sheria nzuri. Mimi ndiye niliyeivunja.

Mambo yalianza kuharibika 2008. Yes walikuwa wajiandae kwa ziara ya kutimiza miaka 40. Anderson akapatwa na tatizo kubwa la kupumua, madaktari wakamtaka apumzike, ziara ikafutwa. Hadi hapo sote tulikuwa upande mmoja, tunamwombea mzee apone. Lakini Squire, Steve Howe wa gitaa na Alan White wa ngoma hawakutaka kungoja, na mwaka huohuo walitoka tena barabarani na mwimbaji mwingine, huyo Benoît David. Squire alikuwa amemwona kwenye YouTube akiimba katika bendi inayopiga nyimbo za Yes. Bendi hiyo iliitwa Close to the Edge, jina la ule wimbo wangu wa kanda mbovu. Anderson alisema hadharani kwamba ameumia kwa namna alivyoachwa.

Mimi nikaumia pamoja naye, kana kwamba aliyefukuzwa kazi ni mjomba wangu. Kuna mantiki ndani yake, sikatai. Mtu ameanzisha bendi, ameugua, wenzake wanamchukua anayemwigiza. Ila tazama nilichofanya: hukumu ya albamu niliitoa 2008, na albamu yenyewe ilitoka 2011. Miaka mitatu nilikuwa na hukumu mfukoni, nasubiri tu mshtakiwa aletwe.

Alipoletwa, tulikutana kama kawaida. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya studio tangu Magnification ya 2001, kwa hiyo miaka kumi ya njaa. Rafiki yangu ndiye aliyekuja na CD, kava iliyochorwa na Roger Dean kama zamani, ameishika kwa ncha za vidole. Mimi nilikuwa nimekunja mikono tangu mlangoni.

Hapo kuna kosa ambalo bado naona watu wanalirudia. Usisikilize albamu ya namna hii kwa mara ya kwanza ukiwa na watu. Ukiwa peke yako sikio hufanya kazi yake polepole, linakataa hapa, linakubali pale. Ukiwa na watu, hasa watu wanaojua ulishasema nini, unakuwa unailinda heshima yako. Mimi sikusikiliza muziki siku ile. Nilikuwa naokota ushahidi.

Wimbo mkuu wa albamu hiyo ni mfululizo wa vipande sita, karibu dakika 24. Nikauvumilia. Kisha ukaja wimbo uitwao The Man You Always Wanted Me to Be, na mimi, kabla haujafika hata katikati, nikavunja sheria ya kukaa kimya.

"Sikilizeni hapa," nikasema. "Hana pumzi. Anakaa chini chini tu, hathubutu kupanda. Anderson angeupeleka juu wimbo huu."

Rafiki yangu akaniangalia. "Kaka, hapa anaimba nani?"

"Si huyo Mkanada wenu."

"Huyo ni Squire."

Wengine wawili wakacheka, wa tatu akatazama sakafu. Nikasema haiwezekani. Rafiki yangu hakubishana. Alisimamisha CD, akapekua mkoba wake, akatoa Fish Out of Water, albamu aliyoitoa Squire peke yake mwaka 1975, akaiweka. Ilimchukua mtu sekunde kumi kujua. Sauti ni ileile, changa kwa miaka 36, lakini ileile: nzito kidogo, yenye ukungu. Ni sauti niliyoisikia chini ya sauti ya Anderson kwenye kila wimbo niliowahi kuupenda. Na sikuitambua ilipokaa peke yake.

Hapo mtu mwenye akili angecheka na wenzake mambo yakaisha. Mimi nikasema, "Hata kama."

Hata kama! Maneno mawili hayo nimeyafikiria sana. Halafu, kwa kuwa aibu ilikuwa imenikaba koo, nikamgeukia yeye mwenyewe. Nikamwambia najua kwa nini anamtetea David: yeye naye kazi yake ni kupiga nyimbo za watu kwenye harusi, kwa hiyo mwigaji anamtetea mwigaji mwenzake.

Hakuna aliyesema kitu. Alitoa Fish Out of Water kwenye mashine, akairudisha kwenye kasha, akachukua na ile nyingine, akafunga mkoba. Zipu ilikwama katikati, akaivuta mara mbili. Aliaga kwa heshima, akamshukuru mwenyeji, akaondoka. Ile kupumua kwa spika zilizowashwa bila muziki ndiyo sauti ninayoikumbuka kuliko wimbo wowote wa siku ile.

Mikutano yetu haikufa siku ileile. Mwezi uliofuata tulikuwa wanne, uliofuata watatu, na huwezi kusikiliza Yes mkiwa watatu ambao wawili wanaogopa kumuudhi wa tatu.

Ili kujithibitishia kwamba nilikuwa sahihi nilinunua nakala yangu ya Fly from Here, nikaisikiliza mara moja kwa hasira, nikaigawa bure. Baadaye niliinunua tena. Na baadaye tena, kwa sababu nitakayoieleza. Albamu moja mara tatu, niliyokuwa nasema haifai! Ukitaka kuokoa fedha yako, nunua mara moja, kisha iweke kabatini mpaka hasira iishe. CD haiozi.

Katika kipindi kile cha kununa nilianza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga. Nilikuwa nachukulia kwamba jambo hili ni geni. Kumbe Yes walishapita njia hii. Mwaka 1980 Anderson na mpiga kinanda Rick Wakeman walijitoa, na nafasi zao zikachukuliwa na Trevor Horn na Geoff Downes, vijana wawili wa kundi la Buggles, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameongoza chati ya Uingereza kwa wimbo wa pop. Hebu fikiria mashabiki walivyopokea hilo. Albamu waliyotoa, Drama, ilifika namba 2 Uingereza, lakini jukwaani Horn aliteseka. Alitakiwa kuimba usiku baada ya usiku sauti za juu ambazo koo lake halikuumbiwa. Bendi ilivunjika muda mfupi baadaye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Horn kamba yake aliivuta jukwaani kila usiku.

Sasa, Drama naipenda. Niliipenda siku zote! Kwenye rafu yangu ilikaa kati ya zile kubwa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mwimbaji mpya wa 1980 namsamehe na wa 2011 simsamehe. Jibu ni la kuaibisha kidogo. Drama niliikuta ipo. Sikuwepo wakati wa msiba, kwa hiyo niliusikia muziki. Fly from Here ilitoka nikiwa nimevaa nguo za matanga.

Ukiangalia bendi nyingine za roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi, utaona mambo hayohayo, ila hayaendi upande mmoja. Peter Gabriel aliondoka Genesis 1975, wakajaribu waimbaji wengi, mwishowe mpiga ngoma wao Phil Collins akaimba mwenyewe, na bendi ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Genesis hiyohiyo ikamchukua Ray Wilson kwa albamu ya 1997, Calling All Stations. Ulaya ikapokelewa vizuri kiasi, Marekani ikaanguka, na ikawa albamu moja tu pamoja naye. Marillion walimpoteza mwimbaji wao aitwaye Fish 1988, akaja Steve Hogarth, na mwaka wa kwanza nani angeamini kwamba angekaa zaidi ya miaka 30? Wapo bado wanaosema Marillion iliisha 1988. Nawaelewa. Nisingependa kukaa nao chumba kimoja, lakini nawaelewa.

Kitu kilichonivunja nguvu hasa ni asili ya ule mfululizo wa dakika 24. Mbegu yake ni wimbo wa Horn na Downes wa enzi za Drama. Yes waliupiga jukwaani katika ziara ya 1980, Horn akiimba, na haukuwahi kuingia kwenye albamu yao yoyote ya studio. Mwaka 2011 Horn ndiye aliyekuwa prodyuza, na Downes alirudi kwenye kinanda. Yaani wimbo niliokuwa namshtaki David kwamba hauimbi kama Anderson haukutungwa kwa ajili ya Anderson. Ulitungwa kwa koo la Horn, ukapangwa studio na Horn, na David akaambiwa auvae. Nilikuwa nalilaumu koti kwa kutomkaa mtu ambaye fundi hakuwahi kumpima.

Ndiyo maana nasema, kabla hujafungua mdomo soma nani ametunga, nani ameimba wapi, nani alikuwa prodyuza. Ni kazi ya dakika tano. Mimi ilinichukua mwaka.

Mwanzo wa 2012 habari ikaja kwamba David hayupo tena. Nitasema ukweli: sekunde ya kwanza nilifurahi. Nilisimama kabisa kitini. Sekunde ya pili nikasoma sababu. Alikuwa ameugua, tatizo la njia ya hewa, na bendi ikaendelea na ziara kwa mwimbaji mwingine. Nikakaa chini. Mtu yuleyule niliyekuwa namwona kama mwizi alikuwa ameondoka kwa mlango uleule alioondokea Anderson: pumzi zimekatika, bendi haingoji. Na mimi, niliyelia kwa ajili ya wa kwanza, nilikuwa nimesimama kumshangilia wa pili anavyotoka.

Nilitaka kumwandikia rafiki yangu usiku ule. Niliandika, nikafuta. Kosa jingine hilo, na lilinigharimu miaka mitatu zaidi.

Mwimbaji aliyefuata ni Jon Davison, Mmarekani, na Heaven & Earth, albamu yake ya kwanza na Yes, ilitoka 2014. Safari hii nilijiwekea masharti. Nilisikiliza peke yangu, usiku, kwa hedifoni. Mara ya kwanza nilijikataza kuisikiliza sauti kabisa. Nilimfuata Squire tu, noti kwa noti, kama rafiki yangu angefanya. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika, sikio linakimbilia maneno kama nzi kwenye sukari, ila baada ya nyimbo mbili linatulia na unagundua kuna chumba kizima kwenye nyumba yako ambacho hukuwahi kukifungua. Mara ya pili nilimfuata Howe. Mara ya tatu ndipo nilipomruhusu mwimbaji aingie. Na sikumwambia mtu yeyote neno kwa mwezi mzima.

Baada ya mwezi, maoni yangu: albamu ni dhaifu. Inakwenda kwa mwendo wa mtu aliyeshiba, nyimbo nyingi hazina ule ugomvi wa ndani unaoifanya Yes iwe Yes. Lakini udhaifu haukuwa wa Davison. Anaimba vizuri, tena sauti yake kwa asili iko karibu na ya Anderson. Hapo nikaona tofauti ambayo 2011 nisingeiona. Sauti ilikuwa karibu zaidi na niliyoitaka, na nyimbo zilikuwa mbali zaidi. Kama kweli tatizo langu lingekuwa ni mwimbaji, ningeipenda hii na kuichukia ile. Ilikuwa kinyume.

Maswali yalikuwa matatu na nilikuwa nimeyakoroga chungu kimoja. Anderson alitendewa haki? Nadhani hapana, na bado nadhani hapana. David alijua kuimba? Ndiyo. Nyimbo ni nzuri? Nyingi ni nzuri, wimbo mkuu ni mzuri sana, na ule uitwao Hour of Need naweza kuishi bila huo. Unaweza kukasirishwa na jibu la kwanza na bado ukacheza muziki. Hakuna anayekulazimisha upige kura moja kwa yote.

Juni 2015 Squire alifariki kwa leukemia. Bendi haikuwahi kutoa albamu wala kusimama jukwaani bila yeye tangu 1968, na mtu aliyekuwa akinifundisha, kwa karibu mwaka mzima wa hedifoni, jinsi ya kusikiliza, hakuwepo tena. Nilimfikiria rafiki yangu kabla sijamfikiria mtu mwingine yeyote. Nikamwandikia: "Pole sana, ndugu yangu. Najua ni msiba wako." Sikuongeza kitu, nikihofu kuharibu. Alijibu baada ya saa kadhaa: "Asante. Leo nimepiga Fish Out of Water mara tatu." Nikasoma ile Fish Out of Water nikajua kwamba hajasahau, na kwamba ameamua kunijibu hata hivyo.

Tukaanza kuongea tena, kwa uangalifu, kuhusu habari za kazi na watoto. Harusi hatukuigusa. Mimi nilikuwa nangoja wakati mzuri, jambo ambalo watu waoga huliita busara.

Machi 2018 Yes wakatoa Fly from Here upya. Wakaiita Return Trip. Muziki ni uleule kwa kiasi kikubwa, umechanganywa upya, kuna wimbo mmoja ulioongezwa unaoimbwa na Howe, na Hour of Need imerefushwa, loo. Lakini sauti ya David imeondolewa na Horn ameimba mahali pake. Ghafla kulikuwa na albamu moja yenye waimbaji wawili, na kikosi kamili cha Drama, Squire akiwemo, karibu miaka mitatu baada ya kufariki. Mashabiki wakagawanyika tena, safari hii kuhusu kama ni haki kumfuta mtu. Niliinunua siku niliyoiona. Ndiyo mara ya tatu niliyotaja.

Rafiki yangu akaja nyumbani. Hakuwa amekuja tangu 2011. Alikuwa na simu na karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amekata vipande sita vifupi vya sauti kutoka matoleo yote mawili, akavichanganya, majibu ameyaandika kwenye karatasi, akaiweka chini ya kikombe changu.

"Wewe si ndiye mwenye masikio," akasema. "David au Horn. Andika."

Nilipata vitatu kati ya sita. Ni sawa na kurusha sarafu. Kipande cha nne nilikisikiliza mara mbili, nikasema kwa uhakika kabisa kwamba huyu ni Horn, unasikia uzito wa mtu aliyeutunga wimbo mwenyewe, unasikia miaka. Akaninyooshea karatasi. David.

Kama una bendi yako na ugomvi wako, lifanye jaribio hili, na mpe mtu mwingine akukatie vipande, maana ukikata mwenyewe utajidanganya. Si lazima upate matoleo mawili ya albamu moja kama sisi tulivyobahatika. Chukua rekodi za jukwaani za wimbo uleule, mwimbaji wa zamani na mpya, sekunde ishirini ishirini. Huenda ukapata zote. Kwa Anderson mwenyewe nisingekosa hata moja, naapa, na nilimwambia hivyo rafiki yangu, naye akasema hajawahi kubisha.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha nikaona nisiposema leo sitasema kamwe. Nikamwambia lile neno la harusi nililolisema siku ile lilikuwa baya, halikuwa na uhusiano na David wala na Yes, nililisema kwa sababu nilikuwa nimeaibika na nilitaka aaibike mwingine. Nikamwomba anisamehe.

Aliichukua ile karatasi ya majibu, akaikunja, akaikunja tena, akaitia mfukoni.

"Harusi zinalipa, kaka," akasema. "Ungejua zinavyolipa usingesema vile."

Akatafuta Tempus Fugit kwenye rafu yangu, ile ya kufungia Drama, akaiweka, akaongeza sauti kuliko ninavyoruhusu nyumbani kwangu, akaniambia nifuate besi na ninyamaze.